Fatayer

Fatayer (kwa Kiarabu: فطائر, umoja: فطيرة, *fatira*) ni mikate midogo ya unga wa ngano ambayo hujazwa mboga za majani, jibini au nyama, kisha hufungwa na kuokwa. Ni chakula cha kawaida nchini Lebanoni, Siria, Palestina na Yordani, na kimeenea hadi nchi za Ghuba, Afrika ya Magharibi na Amerika Kusini pamoja na wahamiaji.

Kati ya aina zisizo na nyama, inayojulikana zaidi ni fatayer ya spinachi (*fatayer bi sabanekh*). Hii huwa na umbo la pembetatu na ladha ya uchachu inayotokana na limau na sumaki. Haina nyama, maziwa wala mayai. Kwa sababu hiyo huliwa sana na Wakristo wa Lebanoni wakati wa Kwaresima, na pia hupendwa na watu wasiokula mazao ya wanyama.

## Jina

Neno *fatira* linatokana na mzizi wa Kiarabu f-t-r, wenye maana ya kupasua, kufungua au kuanza. Hapo zamani *fatir* ulikuwa mkate ambao unga wake haukuachwa uchachuke. Siku hizi jina limebaki, lakini kinyume na asili yake, fatayer za Lebanoni kwa kawaida hutiwa hamira.

Mzizi huohuo umeleta maneno kadhaa katika Kiswahili, yakiwemo *futari*, *kufuturu* na *Idd-ul-Fitri*, ambayo yote yanahusu kufungua saumu.

Fatayer haipaswi kuchanganywa na sambusa. Zote mbili zinaweza kuwa na pembe tatu, lakini sambusa hufungwa kwa manda nyembamba isiyo na hamira na kukaangwa katika mafuta mengi, wakati fatayer ni mkate laini unaookwa. Walebanoni wenyewe wana chakula kiitwacho *sambusek*, ambacho jina lake lina asili moja na sambusa ya Kiswahili, yaani lugha ya Kiajemi. Sambusek kwa kawaida huwa na umbo la nusu mwezi.

## Nafasi yake katika maisha ya Lebanoni

Katika miji na vijiji vya Lebanoni kila mtaa huwa na tanuri la mikate liitwalo *furn*. Kabla ya oveni za nyumbani kuenea, wanawake walitayarisha mboga au nyama ya kujazia nyumbani, wakaipeleka kwa mwokaji, naye alitumia unga wake mwenyewe na kutoza malipo ya kazi na moto. Desturi hiyo haijaisha kabisa, hasa kwa familia inayotaka mikate mingi kwa siku moja. Hata hivyo fatayer ya spinachi imebaki kuwa chakula ambacho watu wengi hutengeneza nyumbani. Kuifunga ni kazi ya mikono mingi, na mara nyingi watu wa nyumba moja huketi pamoja mezani, mmoja akisukuma unga, wengine wakijaza na kufinya.

Wakristo Wamaroni na Waorthodoksi hula vyakula vinavyoitwa *siyami*, yaani vya mfungo, wakati wa Kwaresima. Miongoni mwa Wamaroni mfungo huo huanza siku ya Jumatatu ya Majivu. Fatayer ya spinachi, pamoja na dengu na maharagwe yaliyopikwa kwa mafuta ya zeituni, ni kati ya vyakula vinavyofaa siku hizo. Kwa Waislamu fatayer huonekana sana mezani wakati wa kufuturu mwezi wa Ramadhani, pamoja na supu ya dengu na saladi. Kwa hiyo ni chakula kimoja kinachotumika katika mifungo ya dini mbili.

Fatayer za mboga zina uhusiano pia na historia ya uhaba wa chakula. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia eneo la Mlima Lebanoni lilipatwa na njaa kubwa, kuanzia mwaka 1915 hadi 1918. Sababu zake zilikuwa kufungwa kwa bandari na manowari za Mataifa ya Ushirika, nafaka kuchukuliwa kwa ajili ya jeshi la Milki ya Osmani, na nzige waliovamia mashamba mwaka 1915. Inakadiriwa kwamba watu 200,000 hivi walikufa. Elimu ya majani ya porini yanayolika, ambayo hadi leo hujazwa katika mikate vijijini, ilikuwa muhimu kwa watu wasiokuwa na kingine.

Katika karne ya 21 suala la mkate limerudi tena. Lebanoni huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Tarehe 4 Agosti 2020 mlipuko katika bandari ya Beirut uliua watu zaidi ya 200 na kuharibu maghala makuu ya nafaka ya nchi. Mgogoro wa uchumi ulioanza mwaka 2019 ulikuwa tayari unaishusha thamani ya pauni ya Lebanoni, ambayo hatimaye ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake. Kisha vita vya Ukraine vilivyopanuka mwaka 2022 vikagusa nchi ambayo ndiyo ilikuwa ikiiuzia Lebanoni ngano nyingi zaidi, na foleni ndefu zikaonekana mbele ya viwanda vya mikate. Katika hali hiyo bei ya nyama ilizidi uwezo wa familia nyingi. Mkate uliojazwa majani, kitunguu na mafuta kidogo ni mlo kamili ambao hauhitaji nyama.

## Aina zisizo na nyama

* Ya spinachi (*bi sabanekh*): hufungwa pembetatu. Ndiyo inayoelezwa zaidi hapa chini.
* Ya silk (*bi silq*): silk ni mmea wa spishi *Beta vulgaris*, wenye majani mapana na mashina manene. Mboga inayouzwa kwa jina la spinachi katika masoko mengi ya Afrika Mashariki ni mmea huu, si spinachi halisi (*Spinacia oleracea*). Kwa hiyo mpishi wa Nairobi au Arusha anayetumia "spinachi" ya sokoni kwa kweli hutengeneza fatayer ya silk, ambayo nayo ni chakula halisi cha Lebanoni.
* Ya baqleh: hutumia majani manene ya *Portulaca oleracea*, gugu linaloota mashambani na kandokando ya njia. Lina uchachu wake wenyewe, kwa hiyo limau hupunguzwa.
* Ya hummayd: hutumia majani machachu ya jenasi *Rumex*, ambayo huchumwa porini wakati wa majira ya kuchipua.
* Ya zaatari mbichi: majani mabichi ya zaatari huchanganywa na kitunguu, sumaki na mafuta ya zeituni.
* Ya jibini (*bi jibneh*): mara nyingi huwa na umbo la mtumbwi ulio wazi katikati. Jibini ya *akkawi*, iliyopewa jina la mji wa Akka, hulowekwa kwanza ili kutoa chumvi.
* Ya kishk: hutumia unga wa ngano iliyochachushwa pamoja na mtindi na kukaushwa juani. Hii na ile ya jibini hazifai kwa mfungo wa Kwaresima.

## Viungo

Vipimo vifuatavyo vinatosha kutengeneza fatayer 28 hivi za spinachi.

Kwa unga:

* unga wa ngano mweupe gramu 500
* maji ya uvuguvugu mililita 260
* mafuta ya zeituni vijiko vikubwa 4
* hamira kavu ya chembe gramu 7
* sukari kijiko kidogo 1
* chumvi kijiko kidogo 1 na nusu

Kwa mboga za kujazia:

* spinachi au silk gramu 700, baada ya kuondoa mashina magumu
* vitunguu maji 2 vya ukubwa wa kati
* chumvi kijiko kidogo 1
* sumaki vijiko vikubwa 2
* maji ya limau vijiko vikubwa 3
* mafuta ya zeituni vijiko vikubwa 4
* pilipili manga nusu kijiko kidogo

Wapishi wengine huongeza kijiko kimoja cha rojo la komamanga, au kokwa za msonobari zilizokaangwa kidogo. Sumaki ni unga mwekundu wa matunda makavu ya kichaka *Rhus coriaria*. Faida yake katika chakula hiki ni kutia uchachu bila kuongeza maji. Isipopatikana, limau huongezwa, lakini mboga nazo lazima zikamuliwe zaidi.

## Matayarisho

### Kukanda unga

Unga, hamira, sukari na chumvi huchanganywa kwanza vikiwa vikavu. Mafuta hutiwa na kusuguliwa kwa vidole mpaka yaenee. Maji huongezwa kidogokidogo, kwa kuwa unga wa kila kiwanda hunywa maji kwa kiasi tofauti. Donge hukandwa kwa dakika 8 hadi 10 mpaka liwe laini, lisishike mikononi, na likibonyezwa kwa kidole lirudi polepole.

Donge hupakwa mafuta kidogo, hufunikwa na kuachwa mahali penye joto mpaka liumuke na kuwa mara mbili ya awali. Muda wake ni saa 1 hadi 1 na nusu. Mahali penye joto kali kama pwani muda hupungua. Unga ulioachwa kupita kiasi hulegea na hukataa kushikana unapofinywa.

### Kutayarisha mboga

Spinachi huoshwa mara kadhaa, kwa kuwa mchanga hujificha chini ya majani, kisha hukaushwa vizuri na kukatwa vipande vyembamba. Hunyunyiziwa chumvi na kufikichwa kwa mikono kwa dakika chache. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya majani. Baada ya dakika 15 majani hunywea na maji ya kijani hujikusanya chini ya bakuli. Mboga hukamuliwa kwa mikono, fumba kwa fumba, mpaka maji yaishe kutoka.

Vitunguu hukatwa vidogo sana, hufikichwa pamoja na sumaki na pilipili manga, kisha navyo hukamuliwa kidogo. Ufikichaji huo hupunguza ukali wa kitunguu na kukipa rangi ya waridi. Mwishoni spinachi, kitunguu, mafuta na limau huchanganywa. Limau hutiwa dakika za mwisho, wakati unga uko tayari kujazwa, kwa sababu nalo huendelea kuvuta maji. Kwa kuwa chumvi nyingine imetoka pamoja na maji yaliyokamuliwa, mboga huonjwa kabla ya kuongeza nyingine.

Mboga hazipikwi kabla ya kujazwa. Huivia ndani ya mkate. Zikichemshwa mapema huwa nyeusi na ladha yake hupungua. Spinachi iliyogandishwa inaweza kutumika, mradi iyeyushwe na kukamuliwa kabisa.

### Kujaza na kufunga

Donge hugawanywa katika vidonge vya gramu 30 hivi, sawa na limau dogo, na huachwa vipumzike kwa dakika 10. Kila kidonge husukumwa kama chapati ndogo yenye upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 3. Unga wa kunyunyizia kibao uwe kidogo sana, kwani unga mkavu kwenye kingo huzuia kushikana.

Kijiko kikubwa kimoja cha mboga huwekwa katikati, na ukingo wa sentimita 1 na nusu huachwa wazi pande zote. Kufunga hufanyika kwa hatua tatu:

1. Kingo mbili za juu, kulia na kushoto, huinuliwa na kukutanishwa. Hufinywa kuanzia nje kuelekea katikati, mpaka mshono ufike juu ya mboga.
2. Ukingo wa chini uliobaki huinuliwa hadi katikati, ukutane na mwisho wa mshono wa kwanza.
3. Pande mbili zilizobaki wazi hufinywa moja baada ya nyingine, mpaka ipatikane pembetatu yenye mishono mitatu inayokutana katikati.

Mishono yote hufinywa tena kwa mara ya pili. Kisha fatayer hupangwa kwenye trei iliyopakwa mafuta, huachwa kwa dakika 10, na hupakwa mafuta ya zeituni juu. Mafuta hupakwa baada ya kufunga tu, si kabla.

### Kuoka

Oveni hupashwa moto mapema hadi nyuzi 220 za Selsiasi. Fatayer huokwa kwa dakika 12 hadi 15, mpaka chini pawe pakavu na juu pawe na rangi ya dhahabu. Moto mkali huwezesha unga kuiva kabla mboga hazijatoa maji mengi. Zikitoka hupakwa tena mafuta kidogo na kufunikwa kwa kitambaa safi kwa dakika chache ili ganda lilainike.

Pasipokuwa na oveni, njia ya kupalia makaa inayotumika Afrika Mashariki kwa mikate na keki inafaa pia. Fatayer huwekwa katika sufuria pana iliyopakwa mafuta, mfuniko wa bati hutiwa makaa juu, na moto wa chini hupunguzwa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo mkate huungua chini kabla ya kuiva juu.

## Matatizo ya kawaida

Tatizo linalojulikana zaidi ni fatayer kufunguka ndani ya oveni. Huwa na sababu tatu kuu:

* Maji katika mboga. Maji yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke husukuma mishono. Dawa yake ni kukamua vizuri na kutia limau mwishoni.
* Mafuta au mboga kwenye kingo. Unga uliopata mafuta haushikani. Vidole vifutwe kila baada ya kujaza, na mtu mmoja akiachiwa kujaza huku mwingine akifunga, kazi huwa safi zaidi.
* Unga mkavu au ulioumuka kupita kiasi. Vidonge ambavyo bado havijasukumwa vifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, ili visifanye ganda.

Fatayer ikiwa mbichi chini lakini imeiva juu, kwa kawaida trei iliwekwa juu mno au oveni haikupata moto wa kutosha. Ikiwa ngumu baada ya kupoa, unga ulikuwa na maji machache au iliokwa kwa moto mdogo kwa muda mrefu.

## Kuliwa na kuhifadhi

Fatayer za spinachi huliwa zikiwa vuguvugu au zimepoa, pamoja na vipande vya limau, zeituni au saladi. Wasiofunga huzila pia na mtindi au *labneh*, yaani mtindi uliochujwa. Kwa kuwa hazichuruziki na haziharibiki upesi, hufaa kwa safari na kwa watoto wanaobeba chakula shuleni.

Katika friji hukaa siku 3. Zinaweza kugandishwa baada ya kuokwa na kupoa kabisa. Kisha hupashwa moto katika oveni bila kuyeyushwa kwanza.

## Lishe

Spinachi ina folati, vitamini A katika umbo la karotini, na madini ya chuma. Hata hivyo chuma cha mimea hufyonzwa mwilini kwa kiasi kidogo kuliko cha nyama, na oksalati zilizomo katika spinachi huzuia ufyonzaji wa kalisi. Vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma cha mimea, ingawa sehemu ya vitamini hiyo huharibiwa na joto la oveni. Hivyo desturi ya kukamulia limau bichi juu ya fatayer mezani ina faida ya lishe mbali na ladha.

## Nje ya Mashariki ya Kati

Kuanzia mwisho wa karne ya 19 watu wengi wa Mlima Lebanoni na Siria walihamia Amerika. Kwa kuwa walisafiri na hati za Milki ya Osmani, katika nchi kadhaa za Amerika Kusini waliitwa "Waturuki". Nchini Brazil mikate yao inajulikana kwa jina la *esfiha*, kutokana na neno la Kiarabu *sfiha*. Ile iliyofungwa pembetatu hupatikana pia ikiwa na spinachi. Nchini Argentina huitwa *fatay* au empanada ya Kiarabu.

Walebanoni walihamia pia Afrika, hasa Senegal, Côte d'Ivoire na nchi nyingine za magharibi, na vilevile Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchini Senegal kuna kitafunwa cha mitaani kiitwacho *fataya*, ambacho jina lake huhusishwa na fatayer. Wasenegali wamekibadilisha: hukaangwa katika mafuta na mara nyingi hujazwa samaki au nyama. Katika nchi za Ghuba, ikiwemo Omani, fatayer za jibini, zaatari na spinachi huuzwa katika maduka ya mikate na hutumiwa kama kifungua kinywa.

Mwaka 2023 UNESCO iliandikisha *man'ouche*, mkate bapa wa Lebanoni unaopakwa zaatari na mafuta, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Fatayer haimo katika uandikishaji huo, lakini hutoka katika matanuri yaleyale na kwa unga unaofanana.

## Tazama pia

* Man'ouche
* Sambusa
* Sumaki
* Upishi wa Lebanoni